Wanabishana kuhusu sarafu za kuokota, halafu wanasema wameabudu

Swali:

"Nafanya kazi Arusha kwenye mradi wa umwagiliaji. Nyumba tuliyopanga nakaa na mhandisi mmoja Myahudi kutoka Israel. Kila siku saa kumi na moja alfajiri yuko kwenye simu na rafiki yake, wanasoma kitu kwa sauti na kubishana mpaka naamka. Mwanzoni nilidhani wanadaiana. Nilipomuuliza akacheka: 'Tunajifunza. Hii ndiyo ibada yangu.' Wiki hiyo walikuwa wanabishana kuhusu mtu aliyeokota sarafu njiani, kama ni zake au azitangaze. Dakika hamsini! Sikusikia sala, sikusikia hitimisho, waliagana tu. Mimi ni Mlutheri. Usharika wetu una kipindi cha kujifunza Biblia kila Jumatano, na tunamaliza kwa kuulizana Neno limetuambia nini. Naomba nieleweshwe: kubishana kuhusu sarafu kunakuwaje ibada? Si ndiyo yale aliyosema Paulo, kwamba andiko huua? Na amenikaribisha nikae nao siku moja. Nikubali?"

Jibu:

Ndugu yangu, nikikusoma vizuri, kelele za alfajiri si tatizo lako. Ibada unayoijua ina sura yake: kuna wimbo, kuna sala, kuna Neno, na Neno likishasomwa mtu anarudi nyumbani na kitu cha kushika. Sasa unakaa na mtu mwenye akili zake timamu anayekuambia kwamba shauri linalofanana na la mahakama ya mwanzo ndiko kukaa kwake na Mungu. Nyuma ya swali lako naona na hofu, tena hofu ya mtu anayemjali mwenzake: je, huyu hajapotelea kwenye herufi?

Niseme mapema kwamba mimi si Myahudi. Nimefundisha Kiebrania cha Biblia miaka mingi, na nimeketi kwenye vyumba vyao vya masomo nikiwa mgeni, siku nyingine mgeni asiyeambulia kitu. Basi chukua haya kama maneno ya jirani aliyekaa barazani kwao muda mrefu.

Tumezoea kusema Torati tukimaanisha sheria. Kiebrania "tora" limetoka kwenye kitenzi cha kuelekeza na kufundisha, kwa hiyo "mafunzo" lingekuwa karibu zaidi. Sheria zimo, na humo humo mna ugomvi wa ndugu, nasaba, nyimbo na safari. Kwa maana finyu ni vitabu vitano vya Musa. Kwa maana pana ni mazungumzo yote yaliyozaliwa humo: Mishna, yaani mafundisho ya walimu wao yaliyokusanywa mnamo mwaka 200, Talmudi, yaani mijadala iliyojengwa juu yake, na wafafanuzi wa karne zote mpaka huyo mhandisi wako na rafiki yake. Wakibishana, wanahesabiwa kuwa wamo ndani ya mazungumzo hayo.

Halafu fungua Yoshua 1:8 kwenye Biblia yako: "Kitabu hiki cha torati kisiondoke kinywani mwako, bali yatafakari maneno yake mchana na usiku." Umewahi kujiuliza kwa nini kinatajwa kinywa? Sisi tukisikia "tafakari" tunaona mtu amefumba macho, kimya. Kitenzi cha Kiebrania hapo ni "haga", na kitenzi hicho hicho kwenye Isaya 31:4 ni mngurumo wa simba juu ya mawindo yake, na kwenye Isaya 38:14 ni kulia kwa hua. Ni sauti inayotoka kooni. Zaburi ya 1 inapomsifu anayeitafakari sheria mchana na usiku, inamsifu mtu anayenguruma. Sikuambii uache kulalamika usingizi wako kukatwa, ila jua kwamba mwenzako anatii Yoshua neno kwa neno.

Chumba chao cha masomo wanakiita "bet midrash". Sikia neno lilivyo karibu na midomo yetu: midrash, madrasa, darasa, mudarisi. Sisi tumelipokea kupitia Kiarabu, lakini ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kisemiti. Kwa Kiebrania "darash" ni kutafuta, kuulizia. Rebeka mwenye mimba ya mapacha, watoto wanaposhindana tumboni, anakwenda "kumwuliza Bwana", na kitenzi cha Mwanzo 25:22 ni hicho hicho. Mara ya kwanza nilipoingia bet midrash nilidhani nimepotea njia nikafika sokoni. Watu wawili wawili wanaangaliana juu ya meza, mmoja amesimama nusu, mwingine anapiga kitabu kwa kidole, na katika ukumbi mzima hakuna anayemwambia mwenziwe apunguze sauti. Kikombe cha kahawa kimepoa pembeni. Wawili hao kila mmoja ni "havruta" wa mwenzake, neno la Kiaramu linalotokana na urafiki.

Kwamba hukusikia sala, hilo nina shaka nalo. Myahudi anayeshika dini yake huanza asubuhi kwa baraka maalumu juu ya masomo, na ikishasemwa inatosha kwa siku nzima. Katika mapokeo ya wengi inamshukuru Mungu aliyewaamuru "kujishughulisha na maneno ya Torati". Wangeweza kusema kuisoma au kuijua. Neno walilochagua ni la mtu mwenye shughuli, aliyekunja mikono ya shati. Baada ya hapo husomwa kifungu cha Mishna kinachotaja mambo mema ambayo mtu hula matunda yake duniani: kuheshimu baba na mama, kutenda fadhili, kupatanisha watu. Kisha kinamalizia kwamba kujifunza Torati kunalingana na yote hayo. Mwenzako alikwisha kusali kabla hujaamka.

Mizizi ya jambo hili ina majivu. Mwaka 70 Warumi walichoma Hekalu la Yerusalemu, na dini iliyokuwa na madhabahu ikabaki bila madhabahu. Talmudi inasimulia kwamba Rabi Yohanan ben Zakai alitolewa nje ya mji uliozingirwa akiwa ndani ya jeneza kama maiti, na alipopewa nafasi ya kuomba kitu kwa Vespasian, jemadari wa Kirumi, aliomba mji mdogo wa Yavne na walimu wake. Wapo waliomlaumu: kwa nini hukuuombea Yerusalemu? Lakini pale Yavne ndipo masomo yalipoanza kubeba mzigo wa Hekalu. Walimu walifika mahali pa kusema kwamba anayejifunza sheria ya sadaka ya kuteketezwa ni kama ameitoa. Kwa hiyo ukisikia siku nyingine wanabishana kuhusu kondoo na damu yake kwenye madhabahu isiyokuwepo kwa karibu miaka elfu mbili, usifikiri wamepitwa na wakati. Wako kazini Hekaluni.

Sasa tuje kwenye sarafu zako, maana hapo ndipo pa kuonja. Sura hiyo ya Mishna inaanza kwa orodha ya vitu ambavyo mwokotaji anaruhusiwa kuvichukua: matunda yaliyotapakaa, sarafu zilizotapakaa, mafungu ya samaki na mengine. Halafu inakuja orodha ya vinavyopaswa kutangazwa: matunda ndani ya chombo, sarafu ndani ya mfuko, sarafu tatu zilizopangwa moja juu ya nyingine. Msingi wake ni Kumbukumbu la Torati 22, kwamba ukiona kilichompotea nduguyo umrudishie. Tofauti ni alama. Chenye alama mwenyewe anaweza kukidai kwa kukieleza, kwa hiyo hakati tamaa. Kisicho na alama anakikatia tamaa, na mtu akishakata tamaa kitu kinakuwa kimetoka mkononi mwake.

Ukidhani shauri limekwisha, hujakutana na Abaye na Rava, walimu wawili wa Babeli wa karne ya 4. Wanauliza: na kama mwenyewe hajui bado kwamba zimeanguka? Angejua angekata tamaa, ila hajui. Rava anasema ihesabiwe amekwisha kukata tamaa. Abaye anakataa: huwezi kumkatia mtu tamaa yake kwa niaba yake. Ndipo Abaye anabanwa. Mishna imesema sarafu zilizotapakaa ni za mwokotaji, na aliyeangusha sarafu kwa kawaida hana habari, sasa iweje? Linaletwa jibu kwa neno la Rabi Yitzhak: mtu ana desturi ya kupapasa mfuko wake kila saa. Ujue kwamba amekwisha kujua.

Nakumbuka nilivyocheka niliposoma hapo, nikamwona abiria wa daladala anayegusa mfuko wa suruali kila kituo. Na tazama kilichotokea. Watu wawili Arusha na kwingineko wametumia dakika hamsini wakijaribu kuingia moyoni mwa mtu wasiyemjua, asiyekuwepo, aliyepoteza hela kidogo, wakiuliza kwa uzito kama maumivu yake yamekwisha kuanza au bado. Sheria imemfuata Abaye: hela si yako mpaka mwenye nayo aiachie mwenyewe moyoni. Kwa Myahudi anayeamini kwamba Torati ni hekima ya Mungu, swali hilo dogo ni mahali Mungu amefikiria. Ukilifikiria pamoja naye, akili yako na yake zimekutana juu ya kitu kimoja. Shneur Zalman wa Liadi, mwalimu wa Kihasidi (kundi la Wayahudi linalokazia ibada ya moyo), aliandika mwishoni mwa karne ya 18 kwamba akili inapoishika hukumu ya Torati inakuwa imeizunguka, na yenyewe imezungukwa nayo, muungano usio na mfano wake katika vitu vya mwili. Alikuwa anazungumzia hasa mashauri ya namna hii, ya Reubeni na Simeoni, majina ya mfano tu, wanaodaiana.

Wayahudi wenyewe hawakubaliani kilichomo katika muungano huo, na ningekudanganya nikikupa jibu moja. Wahasidi wa mwanzo walitia mkazo kwenye kumshikamania Mungu: mtu asome huku moyo ukimwelekea. Rabi Hayim aliyeanzisha yeshiva, yaani chuo cha Torati, ya Volozhin mnamo 1803 alihofia jambo hilo. Ukiwa kila mstari unasimama kupima joto la moyo wako, alisema kwa namna yake, hujifunzi tena, unajitazama. Kujifunza "kwa ajili yake", kwake, ni kwa ajili ya Torati yenyewe, kuielewa vizuri na kuongeza ufahamu. Mungu umemtaja kabla ya kufungua kitabu, sasa soma. Wanafunzi wake walipangwa kwa zamu ili kitabu kisifungwe mchana wala usiku, kwa imani kwamba ulimwengu ukikosa masomo dakika moja hauna cha kusimamia. Binafsi navutwa na Rabi Hayim, labda kwa sababu nimewaona wanafunzi wengi wanaohisi sana na kusoma kidogo. Ila nakiri kwamba bila kelele za Wahasidi angeweza kuzaa mahodari wakavu.

Na mabishano? Hapo nikupe hadithi moja. Resh Lakish alikuwa jambazi kabla ya kuwa mwalimu, akavutwa kwenye masomo na Rabi Yohanan, akawa shemeji yake na mwenza wake wa kubishana. Siku moja katika mjadala wa silaha (lini upanga unahesabiwa kuwa umekamilika?) Rabi Yohanan alimchoma kwa maneno: jambazi anaijua kazi yake. Wakaumizana, wakaachana, Resh Lakish akaugua akafa. Rabi Yohanan alishikwa na majonzi, akatafutiwa mwenza mpya, kijana hodari, Elazar ben Pedat. Kila alilosema mzee, kijana alijibu: ipo kauli inayokuunga mkono. Mzee akapasuka. Wewe ni kama Resh Lakish? Yeye nikisema jambo alinipa hoja ishirini na nne za kupinga, nami nikampa majibu ishirini na manne, na somo likapanuka. Wewe unaniambia nipo sahihi, kwani mimi sijui nipo sahihi? Alizunguka akirarua nguo zake na kulia "uko wapi, mwana wa Lakish", mpaka akili zikamtoka. Simulizi hiyo hainyamazii kwamba ulimi wa darasani unaweza kuua. Lakini inasema pia kwamba anayekupinga kwa uaminifu ndiye anayekufungulia. Mishna ina kauli kwamba wawili wakiketi na maneno ya Torati yakiwa kati yao, Uwepo wa Mungu unakaa kati yao. Katikati, juu ya meza, mahali wanapobishania. Sijui kwenye simu unakaa wapi, waulize hao wawili.

Kuhusu kutokuhitimisha, inawezekana mwenzako anafuata mpango wa ukurasa mmoja kila siku, uliopendekezwa na Rabi Meir Shapiro kwenye mkutano wa Vienna mwaka 1923. Talmudi ya Babeli ina kurasa 2,711, hivyo inachukua miaka saba na nusu hivi, kisha wanaanza upya. Ukurasa mara nyingi unakatika hoja ikiwa katikati ya safari, nao wanafunga simu hapo hapo. Wakimaliza kitabu kizima cha Talmudi kuna maneno ya Kiaramu wanayosema, na wanakiambia kitabu chenyewe, kwa jina lake: tutarudi kwako nawe utarudi kwetu, mawazo yetu yako kwako na mawazo yako yako kwetu, hatutakusahau nawe hutatusahau. Nimewasikia wazee wakiyasema haraka haraka huku karanga na soda zinapitishwa, na bado nywele zilinisimama.

Ukitaka kipimo kingine cha jinsi wanavyoyahesabu masomo, angalia yanapokatazwa. Siku ya kufunga ya Tisha b'Av, wanapoomboleza Hekalu, hawali, hawanywi, hawaogi, na hawajifunzi Torati isipokuwa mambo ya huzuni kama Ayubu na Maombolezo. Sababu imechukuliwa kwenye Zaburi ya 19: maagizo ya Bwana huufurahisha moyo. Mfiwa naye, siku saba za matanga, hukatazwa. Masomo yamewekwa kapu moja na chakula na maji ya kuoga.

Sasa Paulo. Siwezi kukufumbulia 2 Wakorintho 3:6 kwenye safu hii. Huyo ni mchungaji wako wa kumuuliza. Lakini kumbuka Paulo mwenyewe anasema kwenye Matendo 22 kwamba alilelewa miguuni pa Gamalieli, kwa hiyo alikuwa anazungumza juu ya nyumba aliyoijua vyumba vyake. Na onyo hilo halikuwa geni humo ndani. Talmudi inasema Torati kwa anayestahili ni dawa ya uzima, na kwa asiyestahili ni sumu ya mauti. Mishna inamkanya mtu asiifanye taji la kujikuzia wala jembe la kulimia. Walimu waliwahi kukaa ghorofani katika nyumba moja ya mji wa Lod wakiulizana lipi ni kubwa, kujifunza au kutenda. Tarfon akasema kutenda, Akiva akasema kujifunza, na wote wakaafikiana kwamba kujifunza ni kukubwa kwa kuwa huleta kutenda. Kwa hiyo swali lako la Jumatano, Neno limetuambia nini, wanalo. Hawaoni tu kwamba lazima lijibiwe kabla ya chai.

Kuna madoa pia, na nisiyafunike. Kwa karne nyingi meza hiyo ilikuwa ya wanaume. Sarah Schenirer, mshonaji wa Krakow, alianzisha shule ya mabinti mwaka 1917, na leo wako wanawake wanaofundisha Talmudi kwa kiwango cha juu kabisa, ila si kila jamii ya Kiyahudi imekubali. Na masomo yanaweza kweli kuwa mashindano ya akili tu. Jibu la jadi ni kwamba mtu ajifunze hata kama nia haijanyooka, kwa kuwa katika kujifunza kusiko na nia safi atafika kwenye nia safi. Mimi nimeona wanaofika, na wasiofika pia.

Nenda, basi. Utakutana na mjadala wa zamani kama asiye Myahudi aruhusiwe: kauli moja ya Talmudi ni kali, na Rabi Meir wa humo humo anasema asiye Myahudi anayejishughulisha na Torati ni kama kuhani mkuu. Mwenzako akikukaribisha amekwisha kuchagua upande. Ukifika, usisubiri somo la mwisho, uliza swali la kwanza. Mishna inasema mwenye haya hajifunzi. Usimtafutie Yesu katika kila mstari, wala usiende ukidhani utampa jibu litakalomgeuza. Na usiogope wanaosema Talmudi ni kitabu cha siri chenye chuki kwa mataifa. Imechapishwa nzima tangu karne ya 16, tafsiri ya Kiingereza ipo bure kwenye maktaba ya Sefaria mtandaoni, na yenye kukwaza utayaona kwa macho yako, pamoja na wanaobishana nayo ukurasa huo huo.

Yapo mambo ambayo barua haitoshi. Ikiwa baada ya siku chache utaona imani yako inayumba, kaa na mchungaji wako uso kwa uso kabla hujakaa na video za intaneti. Ikiwa utatamani kujifunza kwa kudumu, tafuta mwalimu aliye hai: kuna sinagogi Nairobi, na karibu na Mbale, Uganda, wako Abayudaya, ambao historia yao ilianza 1919 pale Semei Kakungulu aliposoma Biblia mwenyewe na kuifuata ilikompeleka. Wenye pembe za kondoo, mafuta na "majina ya Kiebrania" ya kuuza, wanaokuahidi baraka ya Ibrahimu kwa malipo, hao uwapite mbali. Sijawahi kuona rabi anayemsukuma mtu aingie, wengi huanza kwa kukurudisha nyumbani.

Na kesho ukiketi, muulize kwa nini sarafu tatu zilizopangwa kama mnara zitangazwe. Kisha muulize ingekuwaje kama zingekuwa mbili. Andaa chupa ya chai ya kutosha, kwa maana saa kumi na mbili itawakuta hapo hapo.